Nyapara Asiyetaka Mtu Ainame

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama ua uliokosa nguzo, na tahajia sina hakika nayo kila mahali, kwa sababu niliishia darasa la nane na tangu hapo sijaandika kitu kirefu. Naandika polepole. Ukikuta neno limekosewa, lisome jinsi lilivyotakiwa kuwa, kisha uendelee.

Nataka kuandika kuhusu jirani yetu wa Kiganjo. Sisi hatukumwita kwa jina. Aliitwa Nyapara, hata kanisani. Alikuwa msimamizi wa vibarua katika shamba kubwa la kahawa upande wa Ruiru, kabla shamba lile halijakatwa ploti na kujaa maghorofa. Mimi nilimwita guka, kama tunavyowaita babu zetu, ingawa si ndugu yetu. Alizaliwa wapi sijui, na sikuwahi kuuliza. Nina aibu ya kuongea na watu, na wazee ndio hunimaliza kabisa.

Nitaanza na mambo yake mazuri, kwa sababu nikianza na hasira sitamaliza ukurasa.

Nyapara alikuwa mtu wa mstari. Sukuma wiki aliipanda kwa kamba, na mche ukikaa nje ya kamba aliung'oa akaupanda upya. Uwanja aliufagia mwenyewe kila asubuhi, akirudi kinyumenyume ili asiache alama za viatu vyake. Suruali alizipiga pasi ya makaa, hata ile ya kulimia. Ukimsalimia huku unatafuna, hakujibu. Alikutazama mdomo mpaka umeze, ndipo aseme, "Ehe. Sasa nisalimie."

Siku moja nilimkuta barabarani akibishana na kijana wa boda boda.

"Futa kiti," alimwambia.

"Aki mzee, hii ni boda, si ndege."

"Hata punda hupanguswa mgongo kabla ya kuwekewa mzigo. Futa."

Kijana akafuta kwa kofia yake mwenyewe. "Haya, panda basi, mheshimiwa." Nyapara akapanda, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na wakaondoka hivyo hivyo mpaka wakapotea.

Maji ya mfereji yakikatika, alifungua geti lake watu wakachota kwenye tangi lake. Hakutaka kitu kwa mtu. Lakini ilibidi mpange foleni kwa urefu, wafupi mbele. Mama yangu ni mfupi, kwa hivyo alimpenda sana. Kaka yangu Kimani ni mrefu kama mlingoti, na zamu yake ilipofika tangi lilikuwa limebaki tope.

"Huyu mzee atakufa akitupanga," Kimani alinung'unika.

Nyapara alimsikia. "Siku hiyo mtanipanga ninyi. Kwa hivyo jifunzeni mapema."

Mtu kama huyo, ungefikiri chini ya miti yake ya makadamia ungeweza kula chakula bila sahani. Sivyo. Miti yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imepakana na ua wetu wa kayaba, na chini yake ardhi haikuonekana. Kulikuwa na makadamia za mwaka huu juu ya za mwaka jana, zingine zimekuwa nyeusi, zingine ganda la kijani limepasuka nusu, zimechanganyika na majani makavu hadi mguu unateleza. Juu kwenye matawi zilining'inia zile zilizokauka zikakataa kuanguka. Ufagio wake ulifika pale kivuli kinapoanzia ukasimama, kana kwamba kuna ukuta. Wakati wa mavuno alileta vijana wawili wenye miti mirefu na wavu, wakachuma za juu zilizokomaa. Za chini hakuna aliyezigusa.

Mama alimuuliza zamani, kwa utani, "Na hizi je, Nyapara? Hizi si mali?"

"Kilichoanguka kimestaafu," akasema. "Kiache kipumzike."

Watu walilipenda neno hilo. Wanaume wa kanisa walikuwa wakilirudia mmoja wao akijikwaa. Mimi sikucheka, kwa sababu wastaafu wale walikuwa wanakaa na mgeni, na mgeni huyo alikuwa akija kwetu.

Mgeni mwenyewe ni mdogo kuliko mbegu ya simsim. Ni mweusi, mgumu, ukimbana kwa ukucha anateleza. Afisa wa kilimo aliyetutembelea alisema ni wa jamii ya fukuzi, ndugu wa yule anayetoboa kahawa. Anatoboa makadamia tundu la duara, kama limepigwa kwa sindano, anaingia, anazaa humo humo. Nje unaona unga kidogo wa kahawia. Ukipasua unakuta kiini kimekuwa vumbi, na watoto wake weupe wanajikunja kwa sababu umewaletea mwanga. Ile iliyoanguka chini haimsumbui, hiyo ndiyo nyumba yake ya kupangisha. Vyumba vikijaa, anaruka kwenda kutafuta vingine. Na vya karibu vilikuwa vyetu.

Tulikuwa na miti mitatu. Baba aliipanda kabla hajafariki, na kazi ya kuitunza ilikuwa yangu kwa sababu Kimani alikuwa na shughuli za ujenzi, na mimi nilikuwa nyumbani. Nilifuata kila alichosema afisa. Niliokota kila iliyoanguka, nikazizamisha kwenye pipa la maji, kisha nikazizika kwenye shimo refu. Zilizong'ang'ania juu nilizigonga kwa mti. Chini ya makadamia zetu palikuwa safi kuliko uwanja wa Nyapara. Lakini kila msimu, nikipasua za majaribio, nilikuta matundu. Nilikuwa kama mtu anayepiga deki huku jirani ameacha bomba wazi.

Kimani hakuwa adui wa miti. Alitaka tu kujenga vyumba vya kupangisha pale, kama kila mtu wa Kiganjo. Alikuwa ameshachora kwenye karatasi mahali choo kitakapokaa. "Mti unaozaa vumbi ni wa nini?" aliuliza. Na vumbi lilikuwa pale mbele yetu kwenye meza.

Mama akakata shauri. "Msimu mmoja zaidi," aliniambia. "Broka anayenunua makadamia akizikataa tena, Kimani alete mtu wa msumeno. Usinililie."

Basi ikawa ni lazima niongee na Nyapara. Nilikaa wiki nyingi nikipanga maneno. Nikienda kumwagilia, nilikuwa nikiyasema kimoyomoyo, na nikimwona tu upande wa pili wa kayaba, yote yanatoweka, ninabaki nasema, "Shikamoo guka, jua ni kali."

Kabla sijapata ujasiri nilipata habari. Mama Wairimu, ambaye anauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu na kituo, alifanya kazi katika shamba lile la kahawa akiwa msichana. Sasa hutembea amejikunja, uso unatazama viatu vyake, na akitaka kukuona hugeuza kichwa kando kama kuku. Nilipokuwa nikisubiri githeri nilimlalamikia kwamba Nyapara hajui madhara ya makadamia zilizoanguka.

Alicheka hadi akashika sufuria. "Hajui? Yule? Wee kairitu, msichana wewe! Yule alituokotesha kahawa ya chini kwa vidole. Mdudu hukaa humo, kwa hivyo sheria ya shamba ilikuwa isibaki hata moja. Tunaenda mstari, tumeinama, yeye yuko nyuma yetu na fimbo, anafunua majani. Akipata moja tu, siku yako haiandikwi, hulipwi. Nilikuwa na mimba ya Wairimu. Niliinama mpaka nikasahau mbingu iko upande gani."

"Sasa mbona kwake haokoti?"

"Ameokoka," alisema, akinipakulia. "Alipostaafu alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Akasema ameumiza migongo ya akina mama wa watu, na kwamba maadamu yu hai hakuna mtu atakayeinama tena shambani kwake. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Hata singeweza kumwona, na huu mgongo."

Nilienda nyumbani na githeri ikapoa mkononi. Ningeweza kumsamehe mtu asiyejua. Huyu alijua kuliko afisa wa kilimo. Alijua kila tundu, alijua mdudu analala wapi na anatoka lini, na alikaa nyumbani kwake na suruali iliyopigwa pasi akimlea, kwa sababu ya neno alilolisema mbele ya watu.

Kesho yake hasira ilinipeleka hadi kwenye ua. Alikuwa akinyoosha kamba ya sukuma.

"Guka," nilisema, "fukuzi wanatoka kwako wanakuja kwetu."

"Najua," alijibu bila kuinuka. "Nimewaona."

"Mama atakata miti."

Hapo alisimama. Alinitazama kwa huruma kweli, nadhani, na hilo ndilo lilinichosha zaidi. "Ni miti mizuri. Baba yako alichimba mashimo makubwa, nilimwona."

"Basi niruhusu niokote za chini. Mimi mwenyewe. Sitaki hata moja, nitazizika tu."

"Hapana, mami."

"Kwa nini, guka?"

"Hakuna mwanamke atakayeinama shambani kwangu."

"Basi Kimani aokote."

"Wala mwanamume. Sikusema mwanamke peke yake. Kanisani nilisema mtu." Akarudi kwenye kamba yake, kama mtu aliyemaliza kunisaidia.

Jumapili iliyofuata nilibaki nyumbani wengine wakienda kanisani. Nilipenya pale kayaba imekonda, nikiwa na beseni, nikaanza kuokota kwa mikono yote miwili. Beseni lilikuwa karibu kujaa nilipoona viatu vyeusi vilivyong'arishwa mbele yangu. Ibada ilikuwa haijaisha. Alikuwa amesahau miwani akarudi kuichukua. Nilingoja anigombeze. Alinishika kiwiko akaninyanyua taratibu, kama unavyomwinua mtu aliyeanguka, akapangusa magoti yangu kwa leso yake. Kisha akachukua beseni langu na kuzimwaga zote chini, akazisambaza kwa mguu vizuri, zikalala zilipokuwa. Akanirudishia beseni kwa mikono miwili.

"Pole sana," akasema. "Umechoka bure."

Mpaka leo nikikumbuka ile pole, masikio yangu yanawaka.

Broka alikuja na nyundo na jiwe, kama kawaida yao. Alipasua ya kwanza, akapuliza vumbi. Akapasua ya pili. Aliendelea kupasua kwa heshima ya mama tu. "Dada," akaniambia, "hizi si makadamia. Unaniuzia mifugo." Kimani hakucheka, na ninamshukuru kwa hilo. Alitoka nje kupiga simu.

Mtu wa msumeno alikata miwili. Wa tatu mama aliuokoa kwa sababu ulikuwa kando, nje ya pale msingi ulipochorwa, lakini akauwekea sharti lile lile. Msimu mmoja. Ukizaa vumbi, panakuwa mahali pa tangi la maji la wapangaji.

Nyapara alisikia msumeno akaja hadi kwenye ua. Alivua kofia. "Mbona mnakata miti mizuri hivi?"

Kimani ndiye alijibu. "Muulize mdudu wako, mzee."

Alisimama pale mpaka mti wa pili ukalala. Jioni alitupitishia sukuma wiki juu ya kayaba, fungu kubwa, majani yote yamelala upande mmoja. Mama alizipika. Nilikula. Zilikuwa tamu, na hilo liliniudhi kupita yote.

Baadaye aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mwanawe alikuja na gari akamchukua kwenda kuishi naye Gitothua, kule Ruiru. Nilifikiri, Mungu nisamehe, sasa nitaokota. Lakini ufunguo wa geti alimwachia mama yangu, na maagizo mawili. Sukuma inyweshwe maji. Chini ya makadamia mtu asiiname.

"Mama, hayupo!" nilisema. "Nani atamwambia?"

"Mimi nitajua," mama alisema. "Mtu akikuachia ufunguo amekuachia na neno lake. Ukitaka, nenda ukamwombe mwenyewe."

Kwa hivyo nilikuwa na ufunguo mkononi, fukuzi upande wa pili wa geti, mti wetu mmoja uliobaki umeanza kutoa maua, na siwezi kuingia ila kumwagilia sukuma. Nilikaa hivyo nikiona za kwake zinaanguka, tap, tap, juu ya nyingine. Mwishowe nilivaa sketi ya kanisani nikaenda Ruiru.

Mwanawe anaishi chini kabisa kwenye ghorofa, chumba cha kwanza ukiingia. Nyapara alikuwa ameketi mlangoni, fremu ya kutembelea mbele yake, suruali imepigwa pasi. Kwa ncha ya fimbo alikuwa akipanga viatu vya wapangaji vilivyoachwa kwenye milango, kisigino kwa kisigino. Mwanamke mmoja alipita na ndoo akasema, "Guka, acha viatu vyangu!" Nyapara akasubiri apite, akavipanga.

Alifurahi kuniona. Aliuliza habari za mama, za Kimani, hata za sukuma. Kisha akauliza, "Na mti wenu?"

"Umebaki mmoja, guka. Ukizaa vumbi, unakatwa."

"Mm."

"Nimekuja kuomba niokote za chini kwako."

"Nani atainama?"

"Mimi."

"Hapana, mami. Unajua nilisema nini."

Sijui maneno yalitoka wapi. Mimi si mtu wa maneno. "Guka, neno lile ulilisema ukitaka kuwaomba akina mama msamaha. Mimi sikuwa pale. Wewe unawaomba msamaha kwa miti yangu. Toba ni yako, na anayeliwa ni mimi."

Watoto waliokuwa wakicheza kwenye ngazi wakageuka kunitazama.

Nyapara aliacha kupanga viatu. "Nani alikuambia ya kahawa?"

"Mama Wairimu. Anauza githeri kituoni kwetu."

"Mgongo wake?"

"Anatazama viatu vyake, guka."

Akaitikia kwa kichwa. "Alikuwa mjamzito," akasema. "Siku moja alikuja na kigoda. Kidogo tu, cha kukamulia ng'ombe. Alitaka aokote akiwa amekaa, akimaliza mti mmoja akisogeze kwa mwingine. Nilikipiga teke hadi kwenye mtaro. Kukaa kulikuwa uvivu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria." Aligusa kiatu kimoja kwa fimbo, kikakaa sawa. "Kuokota si vibaya. Mdudu lazima aokotwe, asipookotwa anamaliza shamba. Ubaya ulikuwa kuinama. Kwa hivyo nenda na kigoda. Ukae. Ukimaliza hapo, sogea. Ukikaa, sina neno."

Nilimtazama nisiamini. "Guka. Ningeweza kukaa siku zote hizi?"

"Hukuniambia utakaa. Uliniambia utaokota, na nilikukuta umeinama."

"Na wewe hukuniambia!"

"Sikufikiria," alisema. Mara ya kwanza nilimsikia akisema hivyo. "Kila nikiona mtu chini ya mti, naona wale wameinama. Sioni kingine."

Kigoda, wasomaji. Miti miwili ya baba yangu imekuwa vyumba, mpangaji mmoja tayari ametundika pazia la maua, na kumbe kilichotakiwa ni kigoda. Nilitaka kulia, nilitaka pia kumrukia. Nilichofanya ni kumwambia asante, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na kunywa chai yake. Nilipoondoka aliniita nirudi, nikadhani atasema pole tena. Alisema, "Mwambie Mama Wairimu..." kisha akashindwa kumalizia. Aliendelea kupanga viatu.

Sikumwambia Mama Wairimu chochote, maana sikupewa cha kumwambia.

Sasa kila siku naingia kwa Nyapara na kuketi. Tabaka la juu nimelimaliza, niko kwenye la mwaka jana, na chini yake kuna lingine. Kila ninayopasua ina mtu ndani. Kimani ameshamwaga mchanga karibu na mti wetu, ati asije akachelewa. Makadamia zetu ziko ukubwa wa gololi na kufikia jana nimeona tatu zenye unga.

Kwa hivyo nauliza, ninyi mnaosoma na mna miti kama hii. Zile zilizokauka zikang'ang'ania juu kabisa, ambazo mti wangu wa kugongea haufiki, mnazitoaje bila kuvunja matawi yanayozaa? Na kama una jirani ambaye ni mwema kwa kila jambo isipokuwa lile moja linalokuua, ulimwambiaje? Niandikieni, mwenye gazeti atanipa. Andikeni herufi kubwa kidogo, kwa sababu hata kusoma mimi husoma polepole, na msimu haungoji.